KUUNGANISHA KOMPYUTA MBILI KONGWE NYUMBANI: NAMNA YA KUTAFUTA HITILAFU

Wafanyakazi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanakumbushwa kwamba kompyuta kongwe iliyowekwa kando si chombo kitupu. Katika nyumba nyingi, za mjini na za mashamba, mashine iliyofunikwa kitambaa pembeni mwa chumba imehifadhi hesabu za ujenzi, nakala za hati za kiwanja, orodha za mirathi, barua za wazee waliokwisha kutangulia mbele ya haki, na picha za harusi ambazo hazipo mahali pengine popote. Diski ya mashine hiyo ni sahani zinazozunguka kwa kasi, na kila mwaka unaopita huipunguzia umri. Siku itakapogoma, yaliyomo ndani yatakwenda nayo.

Njia mojawapo ya kuyaokoa ni kuiunga mashine hiyo kwa waya na kompyuta nyengine iliyo nzima zaidi, kisha kuyahamisha mafaili kutoka huku kwenda kule. Wengi hulijaribu jambo hili jioni moja, wakashindwa, wakahukumu kwamba kompyuta ni mbovu. Hukumu hiyo aghalabu si ya haki. Mara nyingi mashine zote mbili ni nzima, ila hazijaafikiana: ama waya haupitishi, ama nambari zao haziko pamoja, ama moja imemfungia mlango mwenzake. Mambo hayo matatu yana mpangilio wake. Anayeyakagua kuanzia chini kwenda juu hufika, na anayeanzia juu huzunguka palepale hadi usiku wa manane.

Maelezo haya yanachukua mfano wa kompyuta mbili zinazokutikana sana majumbani. Ya kwanza hutumia mfumo wa Windows XP, uliotolewa mwaka 2001, na ya pili hutumia Windows 7 ya mwaka 2009. Watengenezaji waliacha kuihudumia ya kwanza tarehe 8 Aprili 2014 na ya pili tarehe 14 Januari 2020. Kwa hivyo zote mbili ni kongwe, na hilo lina hatari zake zitakazoelezwa mbele.

Huenda msomaji akauliza kwa nini isitumike flashi. Kwa barua chache flashi inatosha kabisa, wala hapana haja ya kujisumbua. Lakini kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2002 zina matundu ya USB ya toleo la mwanzo, yenye uwezo wa megabiti 12 tu kwa sekunde, ilhali kadi ya mtandao ya zama zile huchukua megabiti 100. Shehena ya gigabaiti 20 itakayochukua saa tano au zaidi kwa flashi inaweza kumalizika kwa waya katika muda wa saa moja hivi. Na ziko mashine ambazo matundu yake ya USB yamekufa, lakini tundu la mtandao, kwa kuwa halikutumiwa sana, bado ni zima.

Waya na taa

Kabla ya kugusa kibodi, mwenye kompyuta aangalie nyuma ya mashine. Tundu la mtandao ni lile linalofanana na la simu ya mezani, ila ni pana zaidi na lina meno manane. Plagi ya simu huingia humo na hukaa, lakini haitapitisha chochote, na wapo waliopoteza siku nzima kwa kosa hilo. Plagi iliyo sahihi ikisukumwa hadi mwisho hutoa sauti ya kubana. Ulimi wake wa plastiki ukiwa umekatika, waya huonekana umeingia hali ya kuwa umelegea.

Pembeni mwa tundu kwa kawaida mna taa ndogo mbili. Kompyuta zote mbili zikiwa zimewashwa na waya umeingia kotekote, angalau taa moja huwaka. Taa hiyo ndiyo shahidi wa mwanzo, na ushahidi wake uthaminiwe. Isipowaka, hakuna mpangilio wowote wa ndani ya skrini utakaosaidia, na kubadilisha mipangilio wakati huo ni kuongeza hitilafu juu ya hitilafu. Katika visiwa vyetu hewa ya bahari huacha chumvi juu ya vyuma, na meno ya tundu lililokaa wazi miaka mingi huweza kushika ukungu wa kijani. Mashine ichomolewe kabisa kwenye umeme, meno yasuguliwe taratibu kwa brashi laini iliyotiwa spiriti kidogo, yaachwe yakauke, kisha ijaribiwe tena.

Ikiwa meno ni safi na taa bado haiwaki, aina ya waya ndiyo ya kutuhumiwa. Hapa pana jambo ambalo hata mafundi wa siku hizi husahau. Ndani ya waya wa mtandao mna nyuzi nane zilizosokotwa mbilimbili. Kadi ya megabiti 100 hutumia jozi mbili tu: moja ya kusema na moja ya kusikiliza. Waya wa kawaida, ambao umenyooka, hupeleka kila uzi mahali pale pale upande wa pili. Waya huo unafaa baina ya kompyuta na swichi, kwa sababu swichi imetengenezwa na masikio yake yakielekea vinywa vya kompyuta. Lakini kompyuta mbili zikiungwa moja kwa moja kwa waya ulionyooka, kinywa hukutana na kinywa na sikio hukutana na sikio. Zote husema na hakuna inayosikia.

Dawa yake ni waya wa kupishana, ambao jozi ya rangi ya chungwa na jozi ya kijani zimebadilishana nafasi katika ncha moja. Kuutambua ni rahisi: plagi mbili zishikwe pamoja, upande wa meno ukielekea juu, na rangi zisomwe kutoka kushoto. Rangi zikifuatana sawasawa, waya umenyooka; jozi hizo mbili zikiwa zimebadilishana, waya ni wa kupishana. Kadi za kisasa zenye uwezo wa gigabiti moja hujigeuza zenyewe, na ikiwa kompyuta mojawapo ina kadi ya namna hiyo basi waya wowote utafaa. Ikiwa zote ni za zamani, hapana budi ama waya wa kupishana, ama swichi ndogo ya matundu manne au matano kuwekwa katikati na nyaya mbili za kawaida. Swichi ndiyo njia ya salama zaidi kwa asiyekuwa fundi. Na ieleweke kwamba waya wa USB wenye plagi bapa kotekote si badala yake. Kuunga kompyuta mbili kwa waya huo kunaweza kuziunguza.

Ama kuunganisha bila ya waya, kwa mashine za umri huu, ni kujitafutia udhia. Windows XP isiyopata marekebisho haiufahamu ulinzi wa mawimbi unaotumika leo.

Nambari za anuani

Taa ikishawaka, suala la pili ni la anuani. Kila kompyuta katika mtandao hupewa nambari yenye mafungu manne, na hukaa pamoja nayo nambari nyengine inayoonyesha wapi mtaa unakwisha na wapi nyumba inaanza. Pale ambapo nambari hiyo ya pili ni 255.255.255.0, mafungu matatu ya mwanzo ni mtaa na fungu la mwisho ni nyumba. Kompyuta mbili zilizounganishwa kwa waya mmoja zitazungumza ikiwa tu ziko mtaa mmoja na zina nyumba tafauti.

Kuzijua nambari hizo, mwenye kompyuta hufungua dirisha jeusi la maandishi kwa kuandika cmd mahali pa kuendeshea programu, kisha huandika ipconfig na kubonyeza kitufe cha kuingiza. Afanye hivyo katika mashine zote mbili na aziandike nambari zote kwenye karatasi kabla ya kubadilisha lolote. Karatasi hiyo isidharauliwe, kwani ndiyo njia ya kurudi atakapopotea.

Nambari inayoanza kwa 169.254 ina maana kwamba kompyuta ilingoja kupangiwa anuani, haikupata wa kuipangia, ikajichagulia wenyewe. Hilo si kosa. Kompyuta mbili zilizojichagulia hivyo huweza kusikilizana baada ya dakika moja au mbili. Tatizo hutokea pale moja imejichagulia na nyengine imekamata nambari ya zamani iliyowekwa kwa mkono. Ndiyo hali ya mashine nyingi zilizouzwa na maofisi na zikanunuliwa na wananchi: fundi wa ofisi aliipa nambari, kwa mfano 10.0.0.25, miaka mingi iliyopita, na mashine imeishikilia mpaka leo kama mlinzi asiyeambiwa kuwa zamu imekwisha. Hapo ni sawa na mtu aliyepo Mkunazini kupiga hodi akitaraji kuitikiwa na aliyepo Wete.

Njia iliyo safi ni kuzipangia zote mbili. Katika sifa za kadi ya mtandao, mahali pa anuani, mashine ya kwanza ipewe 192.168.50.1 na ya pili 192.168.50.2, na zote 255.255.255.0. Mahali pa lango la kutokea pabakie patupu, kwa kuwa hakuna pa kutokea. Mafungu ya 192.168 yametengwa rasmi tangu mwaka 1996 kwa mitandao ya ndani, hivyo hapana anayeingiliwa haki yake.

Baada ya hapo huja jaribio. Katika mashine ya pili iandikwe ping 192.168.50.1. Likirudi neno Reply mara nne, waya ni mzima na anuani ni sahihi, na mambo hayo mawili yasiguswe tena. Yasiporudi majibu, jaribio lifanywe kutoka upande wa pili. Ikiwa upande mmoja unajibiwa na mwengine haujibiwi, waya hauna kosa, kwani waya mbovu haubagui. Kosa hapo ni la ukuta.

Ukuta, majina na ruhusa

Ukuta unaokusudiwa ni programu ya kinga inayozuia wageni kuingia katika kompyuta. Tangu marekebisho ya pili ya Windows XP, yaliyotoka mwaka 2004, ukuta huo huwashwa wenyewe, na hukataa hata kuitikia ping mpaka uruhusiwe kupokea wanaotaka mafaili na printa. Katika orodha ya ruhusa za ukuta, kipengele hicho cha mafaili na printa kitiwe alama. Mashine zenye programu ya kuzuia virusi ya kampuni nyengine mara nyingi zina ukuta wa pili, na mwenye nyumba hufungua mmoja akashangaa kuona mlango bado umefungwa. Kuuzima ukuta kabisa kwa muda wa jaribio kunajuzu kwa sharti moja: kompyuta zote mbili ziwe zimetengwa na intaneti, hata ya simu. Jaribio likimalizika, ukuta urudishwe.

Kisha huja majina. Kila kompyuta iwe na jina lake, lisilozidi herufi 15, na zote ziandikwe katika kikundi kimoja. Windows XP ya majumbani ilizoea kujiita katika kikundi cha MSHOME, na Windows 7 hujiita katika WORKGROUP. Kwa tafauti hiyo ndogo mashine mbili zilizo nzima zinaweza zisionane katika orodha ya majirani. Kikundi kirekebishwe na mashine iwashwe upya. Hata hivyo orodha ile ya majirani isiaminiwe mno, kwa kuwa ni mvivu, na huenda ikachukua robo saa au zaidi kumtaja aliyekwisha kufika. Njia ya mkato ni kuandika \\192.168.50.1 katika dirisha la kuendeshea programu la Windows 7. Yakitokea mafolda, majina si kikwazo tena.

Sehemu inayowatoa watu jasho zaidi ni ruhusa. Waya unapita, anuani zinajibu, kompyuta inaonekana, lakini ikibonyezwa inadai jina na neno la siri, na kila linaloandikwa linakataliwa. Sababu iliyo kubwa ni kwamba mifumo hii haimkubali kwa njia ya mtandao mtumiaji asiyekuwa na neno la siri, japokuwa akikaa mbele ya mashine yenyewe huingia bila ya kuulizwa. Kompyuta za nyumbani aghalabu hazina neno la siri, na mwenyewe huapa kwamba hakuliweka, naye ni mkweli. Basi na litengenezwe jina moja la mtumiaji katika mashine zote mbili, lenye neno la siri lile lile, herufi kwa herufi, na mwenye kompyuta aingie kwa jina hilo. Katika Windows XP ya majumbani, ambayo huwapokea wote kama wageni, yatosha kuyanakili yanayotakiwa katika folda ya nyaraka za pamoja. Mafaili yaliyobakia ndani ya folda binafsi ya mtumiaji yataendelea kukataliwa, na huko si kuharibika bali ni ulinzi kufanya kazi yake. Utaratibu wa vikundi vya nyumbani uliokuja na Windows 7 uachwe kando, kwani Windows XP haiujui.

Inafaa mashine kongwe zaidi ndiyo iwe mtoaji na ile nyengine iwe mchukuaji, na folda itolewe kwa kusomwa tu. Kwa namna hiyo hata mkono ukiteleza, asili haitafutika.

Wenye kompyuta mpya za Windows 10 na Windows 11 hushindwa mahali tafauti. Lugha ya kupeana mafaili inayofahamika na Windows XP ni toleo la kwanza, liitwalo SMB1, na tangu mwishoni mwa mwaka 2017 lugha hiyo haiwekwi tena katika usakinishaji mpya wa Windows 10. Kuondolewa kwake hakukuwa uonevu. Mwezi wa Mei 2017 programu haribifu iliyojulikana kwa jina la WannaCry ilipita katika ufa wa lugha hiyo, ikayafunga mafaili ya kompyuta katika nchi nyingi na kudai fidia, na hospitali kadhaa za Uingereza zikalazimika kuwarejesha wagonjwa. Kwa sababu hiyo, aliyenayo Windows 7 aitumie kama daraja. Ichukue mafaili kwa Windows XP, waya ukatwe, kisha mafaili yahamishwe kwenda mashine mpya kwa diski ya nje baada ya kukaguliwa virusi. Kuirejesha SMB1 katika kompyuta inayotumia intaneti kila siku si jambo la kushauriwa.

Wakati wa kuhamisha

Mashine iliyolala muda mrefu huamka na tarehe ya uongo, kwa sababu betri yake ndogo mfano wa sarafu, ya volti 3, imekwisha. Wakaazi wa Unguja wanaoikumbuka miezi ya kukosa umeme, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, wanajua namna saa za vyombo zilivyovurugika. Tarehe isahihishwe kwanza. Mashine yenye tarehe ya nyuma hutia tarehe hiyo katika kila faili litakalohifadhiwa, na baadaye haitajulikana lipi ni jipya na lipi ni la zamani.

Diski inayotoa sauti ya kugonga mara kwa mara ni mgonjwa mahututi. Isiwekwe usiku kucha ikijaribiwa mitandao. Hapo ama yachukuliwe yale machache yasiyokuwa na badali, hati na hesabu kwanza, picha baadaye, nyimbo mwisho au zisichukuliwe kabisa; ama mashine izimwe mara moja na diski yake apelekewe fundi aitoe na kuiunga moja kwa moja na kompyuta nyengine. Kuna vyombo rahisi vya kuiunga diski ya zamani kwa USB, na kwa diski iliyodhoofika njia hiyo ni bora kuliko yote yaliyotangulia.

Uhamisho ukimalizika, idadi ya mafaili na ukubwa wake vilinganishwe baina ya folda mbili, na mafaili kadhaa yafunguliwe yaonekane kwa macho. Jina la faili kuonekana katika orodha si ithibati kwamba faili limefika zima. Nakala ya pili iwekwe katika chombo chengine kisichokaa chumba kimoja na cha kwanza.

Wafanyakazi wa Serikali, na hasa waliostaafu, wanatanabahishwa kwamba huenda katika mashine zao za nyumbani zikakutikana nyaraka za ofisi zilizoandikwa usiku na kusahauliwa humo. Nyaraka hizo ni mali ya ofisi. Zirejeshwe kwa mkuu wa taasisi inayohusika, zisigawiwe kwa jamaa wala zisiachwe ndani ya mashine itakayouzwa, kwa kuwa kufuta faili kwa kawaida huondoa jina lake tu na kuyabakisha yaliyomo.

Mwisho, waya wa kupishana ufungwe utepe mwekundu katika ncha zake mbili kabla ya kuwekwa sandukuni. Bila ya alama hiyo, atakayeuchukua mwakani kuungia kompyuta na kifaa cha zamani ataona taa haiwaki, na hatajua kwa nini.